Tela ya Pantoni na Ngazi ya Mahfudha

Mohdhar wa Mbwajumali, kisiwani Pate, alijulikana kwa punda wake na kwa ukimya wake. Punda walikuwa wanne, wenye afya, na kazi yao ilikuwa kubeba tumbaku kutoka mashambani, mawe ya kujengea, na maji kiangazi kilipokaza. Mtu akimwita kazini alikubali kwa kutikisa kichwa, na akipunjwa aliondoka bila neno. Ndiyo sababu watu walishangaa, mwaka ule wa sitini na saba, waliposikia kwamba Mohdhar anabishana na kamati nzima ya mji kwa ajili ya ngazi.

Ngazi hiyo chanzo chake kilikuwa siku mkewe alipoondolewa mjini, miaka miwili nyuma.

Mkewe aliitwa Mahfudha. Alikuwa hodari wa kusuka ukili wa mikeka, na kwenye harusi yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, wengine wakimfuata. Waliishi pamoja tangu ujanani. Mwenyezi Mungu hakuwajaalia mtoto, na jambo hilo, ambalo limevunja nyumba nyingi, yao halikuivunja. Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Mwanzo walidhani ni kule kuinama juu ya ukili siku kutwa. Akachuliwa mafuta ya simsim, akasomewa, akapumzishwa. Miguu ilipoanza kufa ganzi, dresa wa zahanati ya Faza alimtazama, akasema jambo hili limemshinda, mgonjwa apelekwe Mombasa.

Siku ya kuondoka maji yalikuwa yametoka. Mbwajumali ndivyo ilivyo. Maji yakijaa, bahari hufika karibu na nyumba. Yakitoka, mbele ya mji hubaki tope na mikoko, na chombo hungoja mbali penye kina. Nahodha aliyekuwa akienda mji wa Amu alisema hawezi kungoja zaidi. Basi Mahfudha akalazwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakakiinua begani, wakaingia topeni.

Walipofika katikati, mmoja alizama hadi mapajani. Kitanda kikainama, na Mahfudha akaporomoka. Buibui lilimvuka, mtandio ukabaki topeni, na watu wote waliokuja kumuaga walikuwa pwani wakitazama. Waliomwinua walimwinua vibaya, mmoja akishika kwapa, mwingine akishika miguu, kama gunia la makaa lililopasuka. Hakulia. Walipokwisha kumweka chomboni, Mohdhar alivua kikoi cha begani akampangusa tope usoni.

"Mimi kwa ndia hii sirudi," Mahfudha alisema.

"Usiseme hivyo. Mngu akipenda utapoa."

"Sikusema sitapoa. Nimesema kwa ndia hii sirudi."

Mombasa madaktari walisema ni kifua kikuu kilichoingia kwenye mfupa wa uti wa mgongo. Wakamtia plasta kutoka kifuani hadi nyongani, wakamlaza chali, wakasema dawa yake ni sindano na subira. Mohdhar alikaa huko hadi shemeji yake Esha, dada wa Mahfudha aliyeolewa Mombasa, alipomwambia kwa upole kwamba ukumbini mwake hapana nafasi ya mtu wa kukaa bila kazi, na kwamba yeye Esha atakwenda wodini kila alasiri. Mohdhar akarudi kwa punda wake.

Nyumbani ukili alioacha Mahfudha ulikuwa bado umeviringishwa juu ya rafu, ncha yake ikining'inia. Siku moja Mohdhar aliushusha akajaribu kuuendeleza. Ukapinda. Akafumua alichosuka, akautazama, akausuka tena, ukapinda tena, akaurudisha juu. Mtu wa kumcheka kwa kazi ile mbovu hakuwapo, na hilo ndilo lililomuuma kuliko ubovu wenyewe.

Harusini mambo yalikuwa magumu zaidi. Wanaume hukaa upande wao, lakini sauti za wanawake huvuka ukuta. Kulikuwa na mahali katika nyimbo ambapo Mahfudha alikuwa akiingia peke yake, sauti juu, kabla ya wenzake kuitikia. Alipoondoka hakuna aliyechukua mahali pake. Wanawake walifika hapo, wakanyamaza kidogo, kisha wakaitikia wote, kana kwamba mtu ameimba. Mohdhar alikuwa akiusubiri ukimya huo, na ukishapita huondoka, hata kama biriani haijapakuliwa.

Sasa habari ya pantoni. Kampuni fulani ya wapimaji ilikuwa imemaliza kazi upande wa bara, ikaacha pantoni yake huko Mokowe: sakafu ya mbao juu ya mapipa mawili marefu ya chuma, na mahali pa kufungia mashine nyuma. Kilikuwa chombo bapa kisichozama sana, na kiliweza kupita juu ya maji yanayofika magotini. Bwana Jeilani, mwenyekiti wa kamati ya mji, aliiona akaipenda. Wakulima wa tumbaku na wavuvi wakachanga, pantoni ikawa ya Mbwajumali.

Iliyobaki ni shida moja. Chuma kikilala ndani ya maji ya chumvi huliwa, na maji yakitoka pantoni hukaa topeni kama chombo kingine chochote. Fundi wa kuchomelea huko Mokowe, Kariuki, ndiye aliyetoa rai.

"Ipandisheni juu ya magurudumu," alimwambia Jeilani. "Tela. Ikirudi, inapanda tela, inakuja mpaka kijijini. Ikienda, watu wanapanda huko huko kwenye nchi kavu, tela inaipeleka mpaka majini."

Jeilani alimjibu kwamba kisiwani Pate hakuna gari hata moja.

"Hakuna punda?" Kariuki aliuliza.

Ndivyo Mohdhar alivyoitwa kwenye kamati. Kusini ya mji palikuwa na ukanda wa mchanga mgumu uliochanganyika na makombe ya bahari, unaokwenda karibu na mkondo. Punda wangeweza kuvuta tela juu yake. Mohdhar aliulizwa kama atakubali kazi hiyo. Yeye alikuwa bado kwenye neno moja: watu wanapanda kwenye nchi kavu. Alimwomba Jeilani alirudie, Jeilani akalirudia. Mohdhar akasema yuko tayari, na kwamba angependa kwenda Mokowe yeye mwenyewe kuzungumza na fundi.

Kariuki alikuwa mtu wa Nyeri, mfupi, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwa la utosi. Alikuja pwani kwa kazi ya miezi michache. Kisha mambo ya shifta, wale waasi wenye bunduki, yakachafua njia, magari yakawa yanakwenda kwa msafara wa askari, na miezi ikawa miaka. Banda lake lilikuwa limejaa vyuma vya magari yaliyokufa.

"Tela si tela tu," alimwambia Mohdhar, akifungua kitabu cha picha kilicholowa mafuta. "Kuna tela uchi, na kuna tela na nguo zake. Ile uchi ni fremu, ekseli na magurudumu mawili. Nguo ni zile vitu unaongeza. Na kila nguo ina uzito wake, Bwana Mohdhar. Hapo ndipo watu wanasahau."

Wakaanza kuchagua. Kwanza mahali pa kulalia mapipa ya pantoni: ama roli za mpira zinazozunguka, ama boriti mbili ndefu. Roli huteleza vizuri, Kariuki alisema, lakini mchanga na chumvi vikiingia zinakwama. Mohdhar akachagua boriti, za mti wa mkoko, zivikwe makumbi ya nazi yasukwe kama zulia ili chuma kisikwaruzane. Kariuki alipenda jambo hilo akaliandika. Winchi ya mkono ya kuvutia pantoni juu ya tela ilikubaliwa bila maneno. Nguzo mbili za pembeni, za kumwonyesha nahodha mahali tela ilipo ikiwa chini ya maji, nazo zikakubaliwa. Matairi yakawa mapana, ya lori, yasizame mchangani. Breki ikawekwa, maana pwani inateremka, na tela isiyo na breki ingewavunja punda miguu ya nyuma.

"Taa?" Kariuki aliuliza.

"Za nini?"

"Gari ya nyuma ikuone."

"Nyuma yangu hufuata mbuzi."

Kariuki alicheka hadi akashika meza. Tangu hapo wakawa marafiki.

"Springi?" aliuliza alipotulia. "Hiyo mimi nasema uache. Punda haikimbii. Springi ni ya barabara."

"Tia springi," Mohdhar alisema.

"Uzito bure."

"Tia. Na ngazi nyuma, yenye pa kushika. Na kiti juu ya pantoni, chenye mgongo. Na chandalua cha turubai juu yake."

Kariuki aliweka kalamu chini. "Mwenyekiti wenu ameniambia ingine. Amesema rafu ya tumbaku mbele, na vyuma vya kuning'iniza vikapu vya samaki. Watu wapande kwa kushika tu, kama kawaida. Vyote haibebeki. Hii ekseli nimeitoa kwa Landirova, si ya meli. Nendeni mkubaliane, halafu nitakata chuma."

Kamati ilikaa baada ya alasiri katika daka, kibaraza cha mlangoni mwa nyumba ya Bwana Jeilani. Jeilani hakuwa mtu mbaya. Aliwaza tumbaku kwa sababu tumbaku ndiyo iliyoleta pantoni.

"Nimepata habari kutoka Mokowe," alisema. "Bwana Mohdhar, ngazi hii ni ya nani?"

Wote walidhani atanyamaza hadi mwisho, kama desturi yake.

"Ya mke wangu," alisema.

Mmoja wa wajumbe akaguna. "Tela ya muyi mzima kwa mke wa mtu mmoja? Na mwenyewe yuko Mombasa?"

"Atarudi. Na akirudi, kwa tope harudi. Mliona wenyewe alivyoondoka. Mlikuwapo. Mimi sitambeba, wala hatabebwa na mtu. Mkikataa ngazi, tafuteni punda wengine."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema barazani. Wajumbe wakaanza kusema wote pamoja. Ndipo ilipotoka sauti nyuma ya pazia la mlango. Ilikuwa ya Bi Barka, mama yake Jeilani, aliyekuwa ndani akichambua mchele.

"Jeilani, mwanangu. Binti yangu ameolewa Kizingitini. Nimemwona lini mara ya mwisho?"

"Zamani, mama."

"Zamani. Na si kwamba miguu haina nguvu ya safari. Sitaki kubebwa mgongoni na vijana wanaonishika wanapotaka. Basi hukaa hapa nikamtamani mtoto wangu, nikasema nimezeeka. Tia ngazi."

Jeilani alishika ndevu zake akatazama sakafu. Mwisho alisema ngazi iwekwe, na springi pia, lakini kiti, chandalua na rafu ya tumbaku vyote pamoja haviwezekani. Mohdhar na fundi waangalie ni kipi kitoke. Tumbaku isiachwe pwani.

Mohdhar alirudi Mokowe na furaha yake. Kariuki alitoa chaki na rula ndefu ya chuma.

"Sawa. Ngazi. Mama anainua mguu mpaka wapi?"

Mohdhar alifungua mdomo.

"Kipandio kimoja na kingine, nafasi gani?" Kariuki aliendelea. "Mtu mwenye mgongo mbaya hawezi kupanda kama mimi. Mkono gani una nguvu? Reli niweke kushoto ama kulia? Akikaa, anaweza kuinama?"

Mohdhar alimjua Mahfudha aliyekuwa akipanda ngazi ya darini na ndoo kichwani. Huyu aliyelala Mombasa ndani ya plasta hakumjua. Alisimama katikati ya banda, na Kariuki, aliyemwona uso, akaweka rula chini, akamletea kikombe cha chai.

"Mimi mtoto wangu wa mwisho nilimwacha anatambaa," Kariuki alisema. "Juzi nilitaka kumtumia viatu. Nikashindwa kujua mguu ni mkubwa kiasi gani." Akanywa chai yake. "Nenda umwone. Chuma itangoja."

Mohdhar akawaachia ndugu zake punda, akapanda basi la msafara, askari mbele na askari nyuma, wakavuka mto pale Garsen, akaingia Mombasa na vumbi hadi kwenye kope.

Njia nzima alikuwa akifikiri atamkuta amelala chali kama alivyomwacha. Wodini alikuta kitanda kitupu. Akageuka kumtafuta muuguzi, ndipo akasikia kicheko barazani. Mahfudha alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kilichonyooka, plasta imekwisha kutolewa, mshipi mpana wa ngozi umemshika kiunoni. Alikuwa amekonda, na alipogeuka kumtazama aligeuka mwili mzima, kwa sababu mgongo haukupinda tena. Kando yake, juu ya kitanda cha magurudumu, alilala mwanamke wa Kitaita, Keziah, ndani ya plasta. Baina yao kulikuwa na ukili mrefu. Mahfudha alikuwa akimfundisha kusuka.

"Huyu ndiye mwenye punda?" Keziah aliuliza.

"Ndiye," Mahfudha alisema, akacheka tena, kisha akafunika uso kwa mtandio, akalia.

Waliposalimiana na kutulia, Mohdhar alimweleza habari ya pantoni na tela. Alieleza polepole, kitu kimoja kimoja: boriti, winchi, matairi, breki. Kisha akasema fundi anataka kujua mguu wake unafika wapi.

Mahfudha alimtazama. "Umekuya Mombasa kwa ajili ya mguu wangu?"

"Na kwa ajili yako."

Alisimama kwa kujishikilia kiti. Muuguzi akaleta kibao cha kukanyagia. Mahfudha akakijaribu, mguu ukagota. Wakatafuta tofali nje, wakaliweka ubavu. Hapo mguu ukapanda, ukakaa, na mwingine ukafuata. Mohdhar alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi akapima urefu wa tofali kwa shibiri yake, huku Keziah akitoa amri kutoka kitandani kama msimamizi wa ujenzi.

"Reli mkono wa kushoto," Mahfudha alisema. "Huu wa kulia bado hauna nguvu. Kiti kiwe kirefu kwenda juu, sikai chini tena. Mgongo wake usilale, unyoke."

"Na chandalua," Mohdhar alisema. "Nimekuombea chandalua. Yua lisikuchome."

Mahfudha aliinua kidole juu. "Wewe umelitazama dari la wodi hii?"

Mohdhar aliinua macho. Lilikuwa dari jeupe, lenye doa la maji pembeni.

"Mimi nimelitazama mwaka na zaidi," alisema Mahfudha. "Kila doa lake nalijua. Sitaki kitu juu yangu. Nataka nione uwingu. Chandalua chako kiondoe."

Mohdhar alikuwa amekipenda kile chandalua kuliko vyote. Alikwisha kuchagua hata rangi ya turubai. Lakini alikubali, na aliporudi Mokowe Kariuki alipiga hesabu ya uzito akasema sasa rafu ya tumbaku inaingia. Jeilani aliposikia alimshika Mohdhar mkono akautikisa kwa muda mrefu, asijue kwamba aliyempa rafu yake ni mwanamke aliyechoka na dari.

Tela ilivushwa kutoka Mokowe ikiwa juu ya pantoni yenyewe, siku ya bamvua, maji yalipojaa kabisa, mwezi wa Rajabu. Watu walijaa pwani. Mohdhar aliwafunga punda, wawili wawili, akaingiza tela majini kwa kuirudisha kinyumenyume, jambo lililowachukiza punda sana. Nguzo mbili zikabaki zimechomoza, nahodha akaelekeza pantoni baina yake, winchi ikalia, mapipa yakapanda juu ya makumbi bila kelele. Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Bi Barka. Alifika juu, akakaa kitini, akatazama huku na huku, akasema wampeleke Kizingitini sasa hivi, na Jeilani akalazimika kumwambia mashine haina mafuta.

Tangu siku hiyo kazi ya Mohdhar ikawa kusindikiza watu. Hufunga punda, abiria wakapanda mjini, akawavuta juu ya mchanga hadi mkondoni. Pantoni ikielea huondoka, naye hubaki amesimama, maji magotini, na tela tupu. Aliona wengi wakienda. Wanawake wazee ambao hawakutoka mjini kwa miaka walikwenda Faza, Kizingitini na Amu kuwaona watoto wao, wakarudi wamebeba halua na malalamiko. Wengine humshukuru. Yeye hutikisa kichwa. Kila aliyepanda alikanyaga vipandio vya kimo kifupi, kimo cha tofali, na baadhi ya vijana wakauliza kwa nini ngazi hii ni ya watoto.

Mahfudha aliruhusiwa baada ya mfungo. Esha alimleta kwa meli hadi Amu, na pantoni ikaenda kumchukua. Mohdhar alikuwa majini tangu asubuhi, na punda wakachoka wakajaribu kurudi nyumbani wenyewe. Pantoni ilipotokea alimwona kabla hajaona kingine. Alikuwa amekaa kitini wima, buibui limefungwa vizuri, uso ameuelekeza juu. Tela ikapokea pantoni. Punda wakavuta. Walipita kando ya tope na mikoko, na watu wa mji walikuwa wamekusanyika palepale walipokusanyika siku ile. Tela iliposimama, Mahfudha aliinuka. Mohdhar alinyosha mkono, akaona hautazamwi, akaurudisha. Mahfudha alishika reli kwa mkono wa kushoto, akashuka kipandio kimoja, akapumzika, akashuka cha pili, akashuka cha tatu, akasimama juu ya mchanga mkavu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mohdhar aligeuka akashughulika na kamba za punda ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

Hapo ningeweza kusema wakakaa raha mustarehe. Lakini mambo hayakuwa hivyo.

Aliyerudi alikuwa mwanamke mwingine kidogo. Hakuweza kuinama juu ya ukili kwa muda mrefu. Harusini alialikwa, akaenda, akafika mahali pake katika wimbo, na pumzi haikutosha. Wenzake walimsubiri kama walivyosubiri miaka yote ile, kisha wakaitikia. Hakwenda tena. Alasiri hukaa mlangoni, akitazama upande wa bara, na Mohdhar akimuuliza anataka nini husema hataki kitu. Kuna maneno ya Kitaita aliyoyatumia bila kujua, na jina moja lilirudi mara kwa mara. Keziah alisema hivi. Keziah angecheka.

Siku moja Mohdhar alishindwa kuvumilia. "Hapa kwako. Umekosa nini?"

Mahfudha alifikiri, maana hakupenda kumjibu ovyo. "Kule nilikutamani wewe kila siku," alisema. "Nikifumba mato nauona mlango huu, nasikia punda wako. Nikasema nikirudi nitatulia. Sasa niko hapa, natamani kule. Si wodi. Mtu aliyelala kando yangu mwaka mzima, akijua nimeamka kabla sijasema. Usinichukie."

Hakumchukia. Lakini kilimwingia kitu kizito. Aliondoka akaenda kupaka griisi kwenye magurudumu ya tela, kazi aliyokuwa ameifanya asubuhi ileile. Alikuwa amemngoja mtu, na mtu amekuja, na bado alikuwa akimngoja. Nani wa kumwambia jambo kama hilo? Kariuki angelielewa, lakini Kariuki alikuwa amekwisha kupata nafasi kwenye msafara, ameondoka na kofia yake, na jozi ya viatu aliyonunua kwa kukisia.

Mwaka uliofuata Mahfudha alitakiwa Mombasa kupimwa. Mohdhar alimvuta hadi mkondoni, akabaki amesimama na tela tupu kama alivyozoea. Alisubiri kwa hofu kwamba safari hii hatataka kurudi. Hakumwambia mtu. Punda tu ndio waliojua, kwa sababu aliwapa majani mara mbili.

Alirudi siku aliyosema atarudi. Hakukuwa na abiria mwingine. Mohdhar alivuta pantoni juu ya tela, akafunga winchi, akashika kamba ya punda wa mbele, wakaanza safari ya mchangani.

"Daktari amesema nini?" Mohdhar aliuliza bila kugeuka.

"Mgongo umeshikana vyema. Nisirudi mpaka mwaka mwingine."

"Alhamdulillahi." Wakaenda kidogo. "Na Keziah?"

"Kitanda chake kina msichana mwingine. Keziah alipoa, wakamrudisha kwao milimani. Hakuna aliyejua kijiji. Nilikaa pale barazani kidogo, kisha nikaondoka."

Punda waliijua njia. Mohdhar aliiacha kamba, akazunguka nyuma ya tela, akapanda ngazi, akakaa sakafuni karibu na miguu yake, maana kiti kilikuwa cha mtu mmoja. Tela iliendelea kwenda polepole juu ya makombe.

"Alikuwa akicheka vipi?" aliuliza.

Mahfudha alimtazama kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akavuta pumzi, akajaribu: kicheko kilichoanza chini, kikapanda kwa vipande vipande, kikakatika kwa kikohozi. Hakikutoka sawa. "Sivyo," alisema, akajaribu tena. Mara ya tatu kilitoka karibu na chenyewe, na punda wa mbele alisimama akageuza masikio. Mohdhar akaanza kucheka, naye Mahfudha akacheka kicheko chake mwenyewe, na machozi yake hakuyafuta.

Punda wakaendelea bila kuambiwa.